Maji ya Mpemba

Kisa cha Erasto Mpemba tunakisimulia kwa fahari: mwaka 1963, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friza maziwa ya askrimu yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam wakalichapisha jambo hilo, safari hii kwa maji.

Tunachokiruka ni mzunguko wa maji yenyewe. Maji ya moto hayatulii: yanayopoa ubavuni mwa chombo huzama, ya moto hupanda, na joto hutorokea juu. Osborne alitandaza utando wa mafuta juu ya maji. Kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Lakini maji yakishuka chini ya nyuzi 4, mchezo hugeuka. Ya baridi zaidi ndiyo mepesi, hubaki juu, na barafu huanzia huko.

Wapo wanaobisha bado kwamba ya moto hutangulia kuganda, na nadhani wana hoja. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu, mshindi anaweza kubadilika.