Maumivu ya Nyonga na Kinena

Leo tunazungumza juu ya maumivu ya nyonga na kinena. Hii ni sehemu ambayo wengi huona haya kuitaja, hata mbele ya muuguzi. Mtu anafika kliniki na kusema, "Sista, naumwa na mguu," na inabidi umuulize mara tatu ndipo aonyeshe kwa kidole pale hasa panapouma. Tafadhali onyesha. Mahali panapouma ndipo nusu ya jibu lilipo.

Nyonga ni kiungo ambapo kichwa cha mfupa wa paja, ambacho ni cha mviringo kama mpira, kinaingia katika kikombe kilicho kwenye mifupa ya kiuno. Kiungo hiki kiko ndani sana. Kikiugua, uchungu huja mbele, kwenye kinena. Ukiumwa kando, pale unapolalia usiku, mara nyingi ni kano na misuli. Ukiumwa nyuma kwenye makalio, na uchungu unateremka hadi chini ya goti, huenda chanzo ni mgongo. Tena nyonga ina hila yake: inaweza kuugua yenyewe lakini ukasikia uchungu gotini. Kuna watu wanaopaka goti dawa mwaka mzima, na goti halina kosa.

Kwa watu wa miaka 50 na zaidi, sababu ya kawaida ni gegedu la kiungo kulika. Asubuhi nyonga inakuwa ngumu, na kuvaa soksi au kukata kucha za miguu kunakuwa kazi. Kwa vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao tunao wengi magharibi mwa Kenya na pwani, damu inaweza kukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, nacho kikafa na kubonyea. Pombe nyingi huleta shida hiyo hiyo. Vilevile dawa za steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu, kama deksamethasoni, ambayo wengine hununua ili wanenepe. Dada yangu unayenisikiliza, mwili wa kununua kwa vidonge unaweza kukugharimu nyonga.

Lakini si kila uchungu wa kinena ni wa mfupa. Uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukibeba mzigo, kisha unarudi ukilala, huenda ni ngiri. Tiba yake ni upasuaji. Mkanda na mitishamba haizibi tundu. Uvimbe huo ukikataa kurudi, ukauma sana na ukaanza kutapika, nenda hospitali usiku huo huo. Mtoki nao huvimba kwa sababu ya kidonda cha mguu au ugonjwa wa zinaa, kwa hiyo hutibiwa kile kilichousababisha. Na mvulana akishikwa ghafla na uchungu wa korodani, huenda imejisokota. Ana takriban saa 6 tu za kuiokoa. Asione haya kumwambia mama.

Sasa wazazi, hapa nitakaa kidogo. Mtoto mwenye homa anayechechemea, au anayekataa kabisa kukanyaga chini, huenda ana usaha ndani ya nyonga. Usaha huo unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache. Usimkande, usimpe dawa ya homa na kungoja Jumatatu. Mpeleke leo. Na kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea bila homa, hata akisema ni goti, apigwe picha ya nyonga, maana kichwa cha mfupa kinaweza kuteleza kutoka mahali pake.

Naye nyanya akianguka, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, mfupa umevunjika. Msimsimamishe "aone kama ataweza", wala msimwite mtu wa kumvuta mguu. Mbebeni akiwa amelala. Wengi wao huhitaji upasuaji, na mapema ni bora, kwa sababu kulala kitandani wiki nyingi huleta nimonia, vidonda na damu kuganda.

Ukifika kliniki, daktari atakulaza chali, akunje goti na kuugeuza mguu ndani na nje. Baadaye huja eksirei, ultrasaundi au kipimo cha damu. Mwenye selimundu ajue kwamba eksirei ya mapema inaweza kuonekana safi; uchungu ukiendelea, aulizie picha ya MRI.

Nyonga iliyolika hutunzwa kwa mazoezi ya fiziotherapia, kupunguza uzito, na mkongojo unaoshikwa mkono wa upande usiouma. Wengi hushika upande usiofaa! Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Sindano za diklofenaki kila wiki kwenye duka la dawa sizipendi hata kidogo: huumiza tumbo na figo, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Ikishindikana, kuna kiungo bandia. Gharama yake si ndogo, kwa hiyo jisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na uulize hospitalini watalipa kiasi gani kabla ya kupanga siku.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maumivu ya mgongo. Kwaheri kwa sasa.