Ugonjwa wa Sydenham kwa Watoto wa Jinja na Mbale: Tiba Baada ya Mijongeo Kutulia

Miongoni mwa maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, umo mmoja unaowapata hasa watoto wa umri wa shule, wasichana kuliko wavulana, ambao tabibu Mwingereza Thomas Sydenham aliueleza mwaka 1686. Mtoto aliyeugua mafindofindo ya bakteria wa streptokoka, pengine yakapoa bila dawa na kusahaulika, huanza miezi kadhaa baadaye kuangusha vikombe, kuharibikiwa mwandiko, kukunja uso na kurusha mikono pasipo kukusudia, ingawa akilala hutulia. Inaaminika kwamba kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na vijidudu, huzishambulia pia sehemu za ndani ya ubongo zinazoratibu mijongeo.

Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako malaria ndiyo hufikiriwa kwanza kwa mtoto mgonjwa, ugonjwa huu hupita kirahisi bila kutambuliwa, kwa kuwa mara nyingi huja bila homa, na vipimo vya damu huenda visionyeshe kitu kwa sababu maambukizi yalikwisha zamani. Mwalimu huona utundu, jirani huona mapepo. Ulaya nayo iliwahi kuwapeleka wagonjwa wa namna hii kwenye makanisa ya Mtakatifu Vitus waombewe. Utambuzi hutegemea jicho la tabibu, kwani kwa vigezo vya utambuzi vya Jones vya mwaka 1944, vilivyorekebishwa mara kadhaa, mijongeo hii ni miongoni mwa dalili kuu za homa ya baridi yabisi, maradhi yanayofuata mafindofindo hayo na yanayoweza kuudhuru moyo.

Kuituliza mijongeo ndiyo sehemu nyepesi. Mwenye dalili ndogo huhitaji mapumziko na subira ya walio naye. Anayeshindwa kula au kutembea hupewa dawa za kifafa kama valproeti au kabamazepini, na hali ikiwa kali, prednisoloni. Wengi hupona ndani ya miezi kadhaa, na hapo ndipo kosa hufanyika, maana mzazi huona kazi imekwisha ilhali vali za moyo huenda zimeguswa na kila mafindofindo mapya yanaweza kuziharibu zaidi. Kinga ni sindano ya benzathini penisilini kila wiki nne, kwa miaka mitano au zaidi. Utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto 818 wenye madhara ya moyo yasiyojitokeza bado kwa dalili, ulionyesha kwamba hali ilizidi kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Sindano hiyo ni chungu, lakini si ghali na haihitaji daktari bingwa. Kwa hiyo kila mtoto anayegunduliwa Jinja au Mbale apimwe moyo kwa ultrasaundi, aandikwe kwenye daftari la ufuatiliaji, na adungwe katika kituo cha afya kilicho karibu na kwao, hata baada ya mikono yake kutulia.