Dada Yako Anahitaji Nini Krismasi Hii?

Mazungumzo yaliyotolewa kwa akina baba na vijana baada ya ibada, mwezi wa Novemba

Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti amekwisha kuangalia saa, kwa hivyo wacha niingie moja kwa moja. Nimeombwa niseme juu ya zawadi za Krismasi, nami nimechagua zawadi ya dada. Mama hununuliwa, watoto hununuliwa, na bibi yako ukimsahau atasema mwenyewe. Lakini dada, hasa yule aliyebaki nyumbani na wazazi, au aliyeolewa kijiji cha pili, huyo hupewa kitu kilichonunuliwa mbio mbio stendi ya basi, saa kumi na mbili jioni, tarehe 24.

Mara nyingi kitu hicho ni leso. Sisemi leso ni mbaya, jamani. Doti moja ni vipande viwili: kimoja anajifunga, cha pili anabebea mtoto au anajitanda akienda matangani. Ni nguo inayofanya kazi. Lakini soma maandishi kabla ya kulipa! Leso husema. “Wema hauozi” ni neno moja, na “Lisemwalo lipo, kama halipo laja” ni neno lingine kabisa. Ukimpa dada hiyo ya pili wakati hawasikizani na mama mkwe, umemfunga ugomvi kiunoni. Na kama ana doti nane sandukuni, hiyo ya tisa umejinunulia wewe mwenyewe.

Hebu tumwangalie Aksa, binti Kalebu. Habari zake ziko katika Yoshua sura ya 15, na tena katika Waamuzi sura ya 1; si watu wengi wanaomkumbuka. Baba yake alikuwa amempa shamba, na lilikuwa zawadi kubwa, lakini lilikuwa upande wa Negebu, nchi kavu. Aksa akashuka kutoka juu ya punda, na baba yake akamwuliza anataka nini. Akasema anataka maji. Kalebu hakukasirika, wala hakumwambia ati hana shukrani. Alimpa chemchemi za juu na chemchemi za chini. Mimi hupenda sana pale ambapo baba anauliza. Mtu aliyekuwa amekwisha kutoa bado aliuliza.

Sasa mtaniambia, “Nimemwuliza dada kwa simu, akasema wewe kuja tu salama.” Bila shaka! Hiyo ndiyo heshima tuliyofunzwa. Usimwulize anataka zawadi gani. Mwulize siku yake inaanza saa ngapi. Mwulize maji anayatoa wapi siku hizi, mtoto aliyekuwa akikohoa aliendelea namna gani, na ni kitu gani alichouza mwezi uliopita wakati alikuwa hataki kukiuza. Halafu nyamaza usikilize. Kwa dakika kumi hivi utajua.

Hapa kwetu Ukambani wengi watajibu kama Aksa: maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20, na dada yako anaubeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, mara tatu au nne kwa siku. Nyumba yake ina mabati, lakini haina gata, na mvua inapita juu ya kichwa chake ikienda kuchimba bonde.

Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30. Mvua nzuri ya usiku mmoja, tuseme milimita 20, ni lita 600. Toa yale yanayoruka nje na yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege, ambayo ni lazima kumwaga, unaweza kubaki na kama lita 500. Hiyo ni mitungi 25 mlangoni pake, bila safari hata moja. Pipa moja la lita 200 litafurika, lakini hata hilo ni mitungi 10. Kama mko ndugu watatu, changeni mnunue tangi: mmoja alete gata na misumari, mwingine alipe fundi wa kujenga msingi. Tangi liwe na kifuniko kwa sababu ya mbu. Na zawadi hii haifai kungoja tarehe 25, maanake mvua yetu ya kutegemewa ndiyo hii ya sasa. Ikifika Krismasi, nyingi itakuwa imekwisha kupita.

Kuna wale wanaopenda zawadi ya kuonekana na watu, kwa mfano ng’ombe wa gredi. Sawa, lakini ng’ombe wa maziwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Nani atachota hiyo mitungi mitatu? Umempelekea dada mgeni asiyeenda kwao! Afadhali mbuzi jike, anayebeba mimba miezi mitano na kuridhika na majani ya pale pale. Hata jiko, angalia kwanza. Jiko la makaa lenye udongo ndani huokoa makaa mengi, lakini kama dada anapikia kuni, litawekwa juu ya kabati kama kikombe cha mashindano.

Zawadi nyingine haifungwi kwa karatasi. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na mambo ya matibabu yako chini ya SHA. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Ugumu ni kwamba hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, na dada anayeuza mboga hana siku ambayo elfu tatu na mia sita zimelala pamoja mkononi. Wewe wa kazi ya mshahara unaweza kuzikusanya. Hakikisha tu amejiandikisha, na watoto wake wameandikwa pamoja naye.

Tena kitu cha dada kiwe cha dada. Pesa itumwe kwa namba yake, si kwa shemeji “atamfikishia”. Mbuzi akipelekwa, semeni mbele ya mume na wazee kwamba ni wake na wa watoto wake, ili siku ya shida asiuzwe na mtu mwingine. Shemeji mwema hatakasirika.

Nimalize na jambo ambalo wengine wenu mmeliona likija. Desemba ndiyo familia hukutana, na ndiyo shamba la marehemu baba huzungumzwa. Kuna ndugu wanaoleta unga, sukari na leso mbili ili dada asiulize kitu. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inapogawa mali ya mzazi aliyefariki bila wosia husema watoto. Haisemi wavulana, wala haiwatoi walioolewa. Katiba ya 2010 nayo imekataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi. Na kabla ya hizo zote, someni Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao. Mungu alisema wamenena haki. Kwa hivyo kama jambo hilo liko nyumbani kwenu, mlete dada mkekani mzungumze, na hiyo isihesabiwe kuwa zawadi. Zawadi yake mnunulie kando.

Mwenyekiti amesimama. Nitakaa hapa mbele nusu saa. Mwenye swali la gata au la SHA aje. Mwenye swali la shamba, afadhali aje Jumapili ijayo pamoja na dada yake.