Picha Mbili za Moyo Mmoja

Wasikilizaji, fungueni kitabu, mfuatishe maneno kwa kidole ninaposema.

Kila mtu akunje ngumi. Moyo wake ni karibu kiasi hicho. Ni msuli, nao husukuma damu mchana na usiku. Lakini haulishwi na damu ile inayopita ndani yake. Hulishwa na mishipa myembamba iliyolala juu yake, kwa nje. Mishipa hiyo ikisonga, mtu hupanda kilima akaona kifua kinabana.

Daktari ataonaje? Eksirei, aliyoivumbua Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, huonyesha ukubwa wa moyo, si zaidi sana. Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, Edler na Hertz walichukua chombo cha kukagulia vyuma, wakapeleka kifuani sauti isiyosikika kwa sikio. Mwangwi ukarudi. Siku hizi mwangwi huo huonyesha kuta za moyo zikicheza, bila kisu wala maumivu. Ila ile mishipa myembamba haionekani vizuri.

Sasa fikirini mfereji wa shambani. Ukiona tope mferejini, umejua kwamba migomba ya chini imenyauka? Bado. Na ukiona migomba imenyauka, umejua mfereji upi umeziba? Bado vile vile. Lazima utazame yote mawili.

Na moyo ni hivyo hivyo. Mtambo uzungukao kifua, uitwao siti skani, huonyesha mifereji. Picha ya pili huonyesha shamba: mgonjwa hupigwa sindano ya dawa itoayo miali kidogo, dawa hufuata damu, na kamera huona ilipofika. Hupigwa akiwa amepumzika, tena moyo ukiwa umetaabishwa. Sehemu ikikosa damu wakati wa taabu tu, ingali hai. Ikikosa mara zote mbili, huenda imekwisha kufa. Kompyuta huweka picha moja juu ya nyingine.

Ndipo daktari hujua la kufanya. Mshipa umesonga na msuli una kiu? Pengine itafaa kuuzibua. Umesonga, lakini msuli unashiba? Mara nyingi dawa za kumeza hutosha, na mgonjwa huenda nyumbani.

Mama mwenye mimba amwambie daktari mapema, kwa sababu ya miali ile. Na anayebanwa kifua sasa hivi asingoje picha, wala somo langu liishe, apelekwe hospitali.

Andikeni mara tatu: moyo, mshipa, mwangwi. Juma lijalo tutasoma juu ya shinikizo la damu.