Nyumba Namba 263

(Maneno yaliyosemwa katika hafla ya mwaka ya kuchangia ukarabati wa majumba ya kale ya Pangani)

 

Kabla hatujaanza kuchangia, naomba niwapeleke Amsterdam, Uholanzi, kisha turudi kwetu.

Kando ya mfereji uitwao Prinsengracht ipo nyumba namba 263, iliyojengwa mwaka 1635. Kama majirani zake, mbele ni nyembamba lakini imekwenda ndani sana, na nyuma yake imeunganishwa na nyumba ya pili. Ardhi ya mji ule ni tepetepe, hivyo nyumba za zamani husimama juu ya magogo yaliyopigiliwa chini hadi kwenye mchanga mgumu.

Nyumba hiyo imekuwa makazi, ghala, hata banda la farasi. Mwaka 1940 Otto Frank alihamishia hapo biashara yake, viungo vya chakula vikiwemo. Julai 1942 familia yake, Wayahudi, ilianza kujificha katika nyumba ya nyuma kuwakwepa Wanazi. Wakafika watu wanane, na mlango ukafichwa kwa kabati la vitabu. Humo binti yake Anne aliandika shajara yake. Agosti 1944 walikamatwa. Aliyenusurika ni Otto peke yake.

Miaka ya 1950 nyumba ilikuwa imechakaa, na kampuni moja ikataka kuibomoa. Watu wakapinga. Mwaka 1957 wakaunda taasisi na kuchangishana, na mwaka huohuo kampuni ikaitoa nyumba kama zawadi. Mei 1960 ikafunguliwa kwa watu wote.

Kwa kuitazama tu, haina cha ajabu kuliko jirani zake. Ilipona kwa sababu watu walijua kilichotokea ndani, nao wakawahi.

Sasa turudi Pangani. Majumba yetu ya mawe na chokaa nayo yanategemea miti: boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Adui yake ni mvua. Paa likivuja, boriti huoza, dari hushuka, kuta hufuata. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nyumba aliyozaliwa bibi yangu imebaki ukuta mmoja. Sina picha yake, wala sikumuuliza bibi habari zake alipokuwa hai.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, tuchangie chokaa, boriti na ujira wa mafundi kabla ya masika. Pili, kila mmoja akamuulize mzee wake: nani aliishi humo, nani alizaliwa, kiliuzwa nini barazani? Ayaandike. Nyumba isiyojulikana habari zake haina mtetezi siku ya kubomolewa.

Meza ya michango ile pale, nami natangulia.