Tuwaulize Wazee Wetu



Mwaka 1991 Mira Nair, mzaliwa wa India, alitoa filamu ya Mississippi Masala. Humo walimwengu waliiona familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ikaibeba Kampala moyoni hadi Marekani. Mwaka 2004 akaanzisha Kampala taasisi ya Maisha, inayowafunza vijana wa Afrika Mashariki kuandika na kutengeneza filamu.

Nasi hapa Makanyagio? Hatukuwauliza baba zetu walifikaje Mpanda. Walipofariki, simulizi zao ziliteketea pamoja na miili yao. Vijana, simu mnazo. Usiku huu, kabla hamjaondoka, kila mmoja aketi na mzee mmoja, amuulize, amrekodi.