Jina Lako Limo katika Daftari Gani?

Hotuba kwa viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo, Lushoto



Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Yosefu alivyosafiri na Maria, naye ni mjamzito, hadi Bethlehemu ili waandikishwe. Amri ile ilikuwa ya Kaisari, wala wao hawakuulizwa lolote. Kuandikishwa ninakokusudia leo ni kwa namna nyingine. Hapa raia hujiandikisha ili yeye ndiye aulizwe ni nani amwongoze. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Lakini haki hiyo haitumiki mpaka jina liwe limeandikwa. Na hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa maana vitabu ni viwili, nasi hudhani ni kimoja.

1. Haki hii haikuwapo tangu mwanzo

Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo kuchimba matuta mashambani mwao, na baadaye ikaueneza mpango huo Usambara. Wazee wetu waliupinga, nao ukaachwa kabla ya Uhuru. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ili mtu aandikishwe ilimpasa awe na elimu ya kiwango fulani, au cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida wa milima hii angezipata wapi? Alichimba matuta kwa amri, lakini jina lake halikuhesabiwa. Leo hatuulizwi mali wala shule, wala kuandikishwa hakulipiwi. Tusikidharau walichonyimwa wazee wetu.

2. Vitabu viwili

Kitabu cha kwanza ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Lilianza kutayarishwa mwaka 2004 na likatumika katika Uchaguzi Mkuu wa 2005. Tangu 2015 uandikishaji huchukua pia picha na alama za vidole. Daftari hili liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kwalo tunamchagua Rais, Mbunge na Diwani. Aliyemo hupewa kadi. Kati ya Uchaguzi Mkuu mmoja na mwingine, sheria inaitaka Tume iliboreshe mara mbili. Katika zoezi lililoanza Kigoma mwezi Julai 2024, kila mkoa ulipewa siku 7 tu.

Katika siku hizo hapana budi wafike kituoni watu wa namna hizi: aliyetimiza miaka 18, au atakayeitimiza kufikia siku ya kura, aliyehama kata au jimbo, ambaye taarifa zake zina makosa, na aliyepoteza kadi au ambaye kadi yake imeharibika. Baadaye daftari la awali huwekwa wazi. Nenda ukalisome. Ukikuta jina la marehemu, au la mtu asiyestahili, sheria inakuruhusu kuweka pingamizi.

Kitabu cha pili ni orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa. Hiyo husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na huandikwa upya kwa kila uchaguzi. Mara ya mwisho iliandikwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, kura zikapigwa tarehe 27 Novemba. Kwa hiyo aliyekuwa na kadi ya Tume, lakini hakwenda kuandikishwa kitongojini, hakuweza kumchagua mwenyekiti wa kitongoji wala wa kijiji. Na aliyeandikwa kitongojini hakuingia kwa hilo katika Daftari la Kudumu.

Tusiseme uchaguzi wa kijiji ni mdogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Katika milima hii, ambako shamba ni finyu na chemchemi moja hunywesha vitongoji kadhaa, ni uamuzi gani ulio karibu zaidi na chungu chetu?

3. Wanaoachwa nje

Mtazameni kijana aliyeshuka Dar es Salaam kuuza mboga za Lukozi. Mwanamke aliyeolewa kata nyingine, na jina lake likabaki kwao. Bibi asiyeweza kupanda mlima hadi kituoni. Hakuna aliyewafukuza hawa. Siku 7 zilipita tu bila mtu kuwakumbuka.

4. “Kura yangu ina faida gani?”

Swali hili halifai kupuuzwa. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na vurugu na vifo, na wengi wamevunjika moyo. Kujiandikisha si kuridhia kila lililotendwa. Aliyeandikishwa bado ana hiari siku ya kura ikifika, na ana haki ya kudai hesabu. Asiyeandikishwa amekwisha kuiacha hiari hiyo mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya 1965, namba 75, unawakumbusha raia kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki na ni wajibu pia.

5. Kazi ya jumuiya

Kila jumuiya na iwajue watu wake: nani ametimiza umri, nani amehama, nani kadi imepotea. Tangazo likitoka, lisomwe baada ya Misa na lirudiwe katika jumuiya. Wagonjwa na wazee wasindikizwe. Mwaonye watu wasijiandikishe mara mbili, maana ni kosa la jinai, wala wasimkabidhi mtu kadi zao, awe wa chama au mkopeshaji. Hali kadhalika, kiongozi wa jumuiya asimwelekeze mtu chama cha kuchagua. Kazi yetu ni kumfikisha mlangoni. Ndani ataingia na dhamiri yake.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nani kati yetu hayumo katika Daftari la Kudumu, na ni kwa sababu gani?
2. Mwaka 2024, ni wangapi tulioandikishwa kitongojini?
3. Zoezi lijalo likitangazwa, nani atamsindikiza nani?